Kesi ya Shamba Iliyoandikwa Kwenye Udongo: Kutoka Lagash hadi Hanang

Yapata miaka 2400 kabla ya Kristo, kusini mwa nchi tunayoiita leo Iraq, mtawala wa Lagash aliyeitwa Enmetena alimwamuru karani wake aandike kesi ya shamba. Karani alitwaa udongo laini, akaufinyanga ukawa koni yenye urefu wa karibu sentimita 27, kisha akaizungushia safu za alama ndogo ndogo zilizobonyezwa kwa ncha ya tete. Koni hiyo ingalipo, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa duniani yanayosimulia mgogoro mmoja kuanzia chanzo chake hadi siku ya mwandishi. Na mgogoro wenyewe ni wa mpaka, malisho, nafaka na maji.

Shamba liliitwa Gu'edena. Lilikuwa ardhi yenye rutuba kati ya Lagash na jirani yake Umma, na watu wa Lagash waliamini kuwa ni mali ya mungu wao Ningirsu. Kwa masimulizi ya Enmetena, hapo mwanzo mungu mkuu Enlil ndiye aliyegawa eneo hilo, na Mesilim, mfalme wa Kish, akapima kwa kamba na kusimamisha jiwe la mpaka. Kisha mtawala wa Umma aliyeitwa Ush akaling'oa jiwe hilo na kuingia katika uwanda wa Lagash. Vita vikafuata. Baadaye Eannatum, ami yake Enmetena, aliwashinda watu wa Umma, akachimba mfereji wa mpaka, akasimamisha mawe mapya yenye maandishi na kulirudisha jiwe la Mesilim mahali pake. Watu wa Umma waliruhusiwa kulima sehemu ya ardhi ile kwa sharti la kulipa shayiri. Deni likazaa riba, riba ikazaa riba nyingine, hadi kikafikiwa kiasi ambacho hakuna ghala lolote la Umma lingeweza kukitoa. Mtawala aliyefuata huko Umma, Ur-Lumma, alikataa kulipa. Alikausha mifereji ya mpaka, akayachoma moto mawe yenye maandishi na kubomoa vihekalu vilivyojengwa kando ya mfereji.

Anayeisoma koni hii lazima akumbuke kuwa ni upande mmoja tu wa kesi unaozungumza. Enmetena ni mlalamikaji, ni shahidi na ni hakimu. Hatuelezwi wakulima wa Umma walikuwa wakila nini, wala wao waliamini ardhi ile ni ya nani. Lakini hata kwa upande huo mmoja, koni inatuonyesha jambo zito: zamani sana, kabla ya Musa na kabla ya Homer, watu walikwisha kujua kwamba anayetaka kuichukua ardhi ya jirani huanza kwa kuziondoa alama zilizosimama juu yake. Ndiyo maana maandishi yanafunga kwa laana. Mtu wa Umma atakayeuvuka mfereji ule ili atwae mashamba kwa nguvu, Enlil amwangamize, Ningirsu amtupie wavu wake mkubwa wa vita, na watu wa mji wake mwenyewe wamwinukie na kumuua.

Koni za aina hiyo zilikuwa sehemu ya desturi kubwa. Watawala wa Sumeri walipojenga hekalu au ukuta walichoma misumari ya udongo yenye majina yao, wakaipachika ndani ya kuta mistari kwa mistari. Mingi ilifunikwa kwa lipu, isionekane tena na mpita njia yeyote. Gudea, aliyetawala Lagash miaka zaidi ya 200 baada ya Enmetena, aliacha mamia kwa mamia ya misumari hiyo katika hekalu la Eninnu alilomjengea Ningirsu, nayo karibu yote inasema jambo lilelile: kwa ajili ya mungu fulani, mtawala fulani alijenga nyumba hii na kuirudisha mahali pake. Kwa sababu hiyo leo majumba mengi ya makumbusho Ulaya na Marekani yana msumari wa Gudea.

Chini ya msingi kulikuwa na vitu vingine. Ur-Nammu, aliyeanzisha ufalme wa Ur yapata mwaka 2112 kabla ya Kristo, alizika katika misingi ya mahekalu sanamu ndogo za shaba, zikiwa ndani ya visanduku vilivyojengwa kwa matofali ya kuchoma na kuzibwa kwa lami. Sanamu hizo humwonyesha mfalme mwenyewe amesimama, mikono miwili imeinuliwa, amejitwisha kikapu cha udongo kichwani. Bwana wa dola nzima alichagua akumbukwe kama kibarua wa ujenzi. Kila nikiitazama picha ya sanamu hiyo naona kuwa hapo kuna fikra iliyo bora kuliko fahari ya mafarao waliojichora wakiwapiga adui rungu la kichwa. Mbele ya mungu wake, mfalme alitaka aonekane akibeba udongo.

Maandishi haya yaliandikwa kwa ajili ya nani, ikiwa yalizikwa? Yaliandikwa kwa wasomaji wawili. Wa kwanza ni mungu, ambaye ukuta haumzuii kusoma. Wa pili ni mfalme ambaye hajazaliwa. Nyumba za udongo hazidumu. Baada ya vizazi vichache hekalu litabomoka, na yeyote atakayetaka kulijenga upya atalazimika kuchimba. Hapo atakutana na jina la aliyemtangulia. Wafalme wa Ashuru, karne nyingi baadaye, waliliweka jambo hilo wazi: atakayeyapata maandishi yangu na ayapake mafuta, atoe sadaka na kuyarudisha mahali pake, atakayelifuta jina langu na kuandika lake, miungu ilifute jina lake na uzao wake.

Na kweli walichimba. Nabonidus, mfalme wa mwisho wa Babeli, aliyetawala kuanzia mwaka 556 hadi 539 kabla ya Kristo, aliwatuma watu wake huko Sippar wautafute msingi wa kwanza wa hekalu la mungu jua. Walichimba hadi wakaufikia msingi uliowekwa na Naram-Sin wa Akkad. Nabonidus akaandika kwa furaha kuwa alikuwa ameona kitu ambacho hakuna mfalme aliyekiona kwa miaka 3,200. Hesabu yake ilizidi, maana Naram-Sin alimtangulia kwa karibu miaka 1,700 tu. Lakini heshima yake haikuwa na walakini: aliliacha jina la mtangulizi wake lilale pale lilipolala, na la kwake akaliweka kando yake. Koreshi wa Uajemi, aliyemshinda, naye aliandika katika silinda yake maarufu ya udongo, iliyochimbuliwa Babeli mwaka 1879, kwamba wajenzi wake walikuta maandishi ya Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru, ukutani.

Huku Afrika Mashariki, desturi ya mjenzi kuliacha jina lake jengoni iliingia na Uislamu. Kule Kizimkazi, kusini mwa Unguja, katika kuta za msikiti wa zamani pana maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye mawe ya matumbawe, yakiwa na tarehe ya mwezi wa Dhulkaada mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Yanamtaja Sheikh Abu Imran kuwa ndiye aliyeamuru ujenzi. Msikiti ulijengwa upya katika karne ya 18, na waliojenga upya wakayabakiza mawe yale ya kale. Walifanya vilevile alivyofanya Nabonidus, bila kumjua.

Mombasa kuna mfano wa roho nyingine. Juu ya lango la Ngome ya Yesu, kapteni wa Kireno Francisco de Seixas de Cabreira aliweka jiwe la mwaka 1639. Linasimulia jinsi alivyopewa ukapteni mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27, alivyowatiisha watu wa pwani walioasi pamoja na mfalme wao, alivyobomoa kuta za Pate na Siyu, alivyowaua wakubwa wa Pemba na kuwalazimisha wote walipe kodi. Sauti yake ni ya Enmetena yule yule: mimi ni wa haki, jirani ni mwasi, kodi ilikuwa imedaiwa. Yusuf bin Hasan, mfalme huyo anayeitwa dhalimu katika jiwe, alikuwa amenyang'anywa baba yake na kulelewa na Wareno kabla ya kuwageuka mwaka 1631. Upande wake haumo jiweni.

Bara, mbali na mawe ya matumbawe na hati za Kiarabu, majina yaliwekwa ardhini kwa namna nyingine. Mfano uko Masakta, kata ya Wilaya ya Hanang, katika nchi iliyokuwa sehemu ya Mbulu kabla wilaya hazijagawanywa, na ambayo tangu mwaka 2002 imo katika Mkoa wa Manyara. Humo Wairaqw wanalima na kufuga, na Wadatoga, hasa tawi lao la Wabarabaig, wanafuga. Juu ya wote umesimama Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya meta 3,400, ambao Wadatoga wanauheshimu kwa matambiko na kwa nyimbo.

Kwa Wabarabaig si kila marehemu anayejengewa. Mzee aliyeishi kwa heshima, mwenye uzao na mifugo, asiye na doa mbele ya watu wake, anaweza kuombewa na wanawe apewe maziko makubwa. Wazee wakikubali, kazi huanza juu ya kaburi lake: bung'eda, kichuguu cha udongo kinachoinuliwa hatua kwa hatua kwa mabonge ya ardhi, kikashikizwa kwa nguzo na kukandikwa, hadi kikapita kimo cha mtu. Kazi hii huchukua miezi, na huweza kufika miezi tisa. Koo zinazohusiana na marehemu huja kila moja na sehemu yake ya kazi, pombe ya asali hutengenezwa kwa wingi, na siku ya kukamilisha hukusanyika umati kutoka mbali. Wapo wanawake pia waliojengewa. Mtafiti wa Kimarekani George Klima, aliyeishi na Wabarabaig katika miaka ya 1950, aliieleza sherehe hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1970, na maelezo yake yanamwonyesha msomaji kwamba hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote ambazo jamii hiyo huifanya kwa pamoja.

Bung'eda haina maandishi. Jina la aliyelala pale hukaa vinywani mwa wazao wake, katika nyimbo na katika nasaba, na mahali penyewe huwa ni pa kurudiwa: watu huja kumwomba marehemu awaombee mvua, uzazi na amani. Mvua hukimomonyoa kile kichuguu, nyasi huota, mti hukua juu yake. Mgeni hataona kaburi hata akisimama pembeni yake. Mwenyeji anayejua nasaba huweza kusimama uwandani na kusema huyu ni nani, mwana wa nani, alihamia hapa akitokea wapi. Kwa hiyo mlolongo wa bung'eda katika nyika ni kumbukumbu ya nani alikaa wapi na tangu lini. Iliwekwa kwa udongo uleule ambao makarani wa Lagash waliutumia, ila ufunguo wa kuisoma ulibaki kwa watu.

Udhaifu wa kumbukumbu ya namna hiyo ulifichuliwa na ngano. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Tanzania, ikitaka nchi ijitosheleze kwa mkate wake, iliomba msaada wa Canada. Uwanda wa Basotu, magharibi mwa Mlima Hanang, ulionekana kuwa unafaa: tambarare, udongo mzuri, hali ya hewa ya baridi kiasi. Shirika la umma la kilimo na chakula, NAFCO, likapewa ardhi, Canada ikaleta wataalamu, trekta na mashine za kuvunia, na katika miaka ya 1970 na 1980 yakafunguliwa mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Warret na Gidagamowd. Kwa jumla yalifika karibu ekari 100,000. Yalizalisha sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini, na waliokula mkate huo mijini hawakuwa na sababu ya kujua umetoka juu ya ardhi ya nani.

Kwa mtu wa ofisini uwanda ule ulikuwa mtupu. Wabarabaig hawakuwa wakikaa pale mwaka mzima. Walizungusha mifugo yao kwa msimu kati ya aina mbalimbali za malisho, na malisho bora zaidi waliyaacha yapumzike sehemu ya mwaka. Charles Lane, aliyechunguza suala hili miaka ya 1980, alieleza kuwa kupumzika huko ndiko kulikohifadhi uzalishaji wa nyika nzima: ukiondoa malisho machache yaliyo bora kabisa, mzunguko wote unaharibika na ng'ombe wanabanana katika ardhi iliyobaki hadi inachoka. Nyasi zilizoachwa kwa makusudi zilisomwa kama nyasi zisizo na mwenyewe.

Na trekta zikapita juu ya bung'eda. Hili ndilo lililowauma Wabarabaig kuliko kupoteza nyasi, na lilirudiwa katika malalamiko yao yote: makaburi ya wazee yalisawazishwa na kupandwa ngano, na mengine yaliyoachwa yalizungukwa na shamba kiasi kwamba wazao waliokwenda kutambika walihesabiwa kuwa wavamizi. Mwaka 1989 walifikia hatua ya kuwaandikia wananchi wa Canada barua ya wazi. Mwaka 1993 serikali iliunda tume chini ya Jaji Robert Kisanga kuchunguza madai ya ukiukwaji wa haki za binadamu katika mashamba hayo.

Mahakamani, swali lilikuwa la ushahidi. Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wenzake waliishtaki NAFCO, na Mahakama Kuu ikawapa haki. NAFCO ikakata rufaa, na uamuzi wa Mahakama ya Rufani, uliochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1985, uliwapokonya ushindi huo. Kijiji, ilisema mahakama, hakikutoa ushahidi kuwa kiligawiwa ardhi ile na halmashauri ya wilaya. Kuwa na mamlaka ya kiutawala juu ya eneo si sawa na kulimiliki. Ama wanakijiji mmoja mmoja, ili wadai umiliki wa kimila ilibidi wathibitishe kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, na hilo, mahakama iliona, halikuthibitishwa.

Nimeusoma uamuzi huo mara nyingi na bado naamini ulikuwa na kosa kubwa, si katika mantiki yake ya kisheria, bali katika kile ulichokubali kukiita ushahidi. Watu walioulizwa waonyeshe kuwa ni wenyeji walikuwa na baba na babu waliolala ndani ya shamba linalobishaniwa. Kama jina la kila mzee lingekuwa kwenye msumari wa udongo ndani ya bung'eda yake, wakili angeliweka mezani kama kielelezo, na sidhani kuwa jaji angeweza kulipita. Ushahidi wenyewe ulikuwepo, umesimama uwandani, mpaka trekta ilipoufikia. Ur-Lumma alipoyachoma mawe ya mpaka alijua anachofanya. Dereva wa trekta wa Basotu huenda hakujua. Kwa upande wa aliyepoteza, matokeo yalikuwa yaleyale.

Sheria ilisogea, ingawa kwa kuchelewa, na msukumo ulitoka jirani. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, wa kijiji cha Kambi ya Simba, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Karatu, walikuwa na ardhi ya kimila waliyoipata mwaka 1943 na kuipoteza wakati wa Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu vijijini. Waliidai mahakamani wakarudishiwa. Ndipo Bunge likapitisha sheria ya mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa na kuzuia kesi za namna hiyo. Wakaipinga sheria yenyewe. Mwezi Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikiwa na Jaji Kisanga katika jopo, iliamua kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba kumnyang'anya mtu ardhi ya namna hiyo bila fidia ya haki ni kuvunja Katiba. Miaka mitano baadaye ilikuja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kwayo hati za hakimiliki ya kimila: karatasi yenye jina, mipaka na muhuri.

NAFCO haipo tena. Mashamba ya ngano yaliuzwa au kugawanywa, mengine yakirudi kwa vijiji na mengine yakienda kwa wawekezaji. Lakini ardhi ya uwanda iliyorudishwa na kupimwa kwa ajili ya kilimo na makazi si lazima iwe na alama ya kilichokuwa chini yake, na hapo ndipo penye kazi iliyobaki. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda moja kwa moja vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Bung'eda nyingi ambazo wazao wake bado wanazitaja kwa jina ni za baada ya hapo, kwa hiyo haziingii humo zenyewe. Waziri ana uwezo wa kutangaza mahali au jengo lenye thamani ya kihistoria kuwa kumbukumbu ya taifa bila kujali umri wake. Na vijiji vya Hanang na Mbulu, vinapoandaa mipango yao ya matumizi ya ardhi, vina uwezo wa kutenga maeneo ya makaburi na kuyaweka kwenye ramani: kila bung'eda mahali ilipo, jina la aliyelala, jina la ukoo na njia ya mifugo na ya watu kuifikia. Inahitajika kufanywa wazee wanaojua nasaba wakiwa hai, maana ramani inaweza kuchorwa mwaka wowote, lakini jina lisiloandikwa huondoka na wa mwisho anayelijua.